Kulwa na Doto Katika Jedwali: Swali la Utambulisho wa Mtu

Uoanishaji wa majedwali na klasi ni kazi ya kuunganisha namna mbili za kumweka mtu au kitu ndani ya kompyuta. Namna ya kwanza ni ya kanzidata. Humo habari hupangwa katika majedwali: kila mstari hubeba habari za mtu mmoja au tukio moja, na kila safu hubeba sifa moja, kama vile jina, kijiji au tarehe ya kuzaliwa. Namna ya pili ni ya lugha za programu zinazotumia objekti. Humo mtu huwakilishwa na objekti yenye sifa zake na uwezo wake wa kutenda, na objekti zote za namna moja hutoka katika klasi moja, kama matofali yanavyotoka katika kalibu moja. Majedwali hukaa kwenye diski na kudumu. Objekti huishi katika kumbukumbu ya kompyuta kwa muda ambao programu inafanya kazi. Uoanishaji huhakikisha kwamba Kulwa aliyeandikwa katika jedwali na Kulwa anayeshughulikiwa na programu ni yule yule.

Neno hilo "yule yule" ndilo linaloitoa kazi hii katika ufundi na kuiingiza katika falsafa. Je, mtu ni jumla ya yanayosemwa juu yake, au yupo hata kabla halijasemwa lolote? Ni kitu gani kinachowafanya watu wawili kuwa wawili? Ugonjwa unamfanya mtu kuwa mtu wa aina nyingine, au ni hali inayompata na kupita? Undugu unakaa ndani ya nani? Anayetengeneza programu ya kituo cha afya huyajibu maswali haya yote kabla mgonjwa wa kwanza hajasajiliwa, na majibu yake huwaangukia watu ambao hawatamwona kamwe.

Chimbuko la namna mbili

Majedwali yalipata msingi wake wa kinadharia mwaka 1970, pale Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa mtafiti wa kampuni ya IBM huko San Jose, California, alipochapisha makala yake juu ya hifadhi kubwa za data. Codd aliegemea hisabati ya seti. Kwa mtazamo huo, jedwali ni mkusanyiko wa kauli zinazochukuliwa kuwa za kweli: mstari mmoja unasema kwamba mtu mwenye namba fulani alizaliwa siku fulani, mwingine unasema kwamba alichanjwa siku fulani. Jedwali halimbebi mtu mwenyewe. Lina yale yaliyoshuhudiwa juu yake.

Klasi na objekti zilitoka kwingine. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, wakiwa katika Kituo cha Kompyuta cha Norway mjini Oslo, walibuni lugha ya Simula katika miaka ya 1960, na toleo lake la 1967 ndilo lililoleta klasi, objekti na urithi wa klasi kama zinavyojulikana leo. Nia yao ilikuwa kuiga mwenendo wa mambo ya ulimwengu, kwa mfano foleni ya watu wanaosubiri huduma. Mtu wa foleni hufika, husubiri, huhudumiwa na kuondoka. Kinachotafutwa hapo ni mtendaji mwenye historia yake, na sifa zake hufuata baadaye.

Namna hizi mbili zinakutana hata katika Kata ya Ziba, Wilaya ya Igunga, mkoani Tabora. Vituo vya afya vya Tanzania huandika huduma zao katika vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya ulioanza miaka ya 1990. Jumla za kila mwezi kutoka katika vitabu hivyo huingizwa katika DHIS2, mfumo uliotengenezwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo, chuo ambacho Dahl na Nygaard walikuwa maprofesa wake. DHIS2 imeandikwa kwa lugha ya Java, na majedwali yake huoanishwa na klasi kwa kutumia Hibernate, chombo kilichoanzishwa na Gavin King mwaka 2001.

Vitabu vya MTUHA vyenyewe ni majedwali ya karatasi. Mama mjamzito akihudhuria kliniki huandikwa katika kitabu cha 6. Akijifungua huandikwa katika kitabu cha 12. Mtoto wake huandikwa katika kitabu cha 7, na siku mama huyo akija na homa huandikwa katika kitabu cha 5, cha wagonjwa wa nje. Hakuna kitabu hata kimoja kinachombeba mama mzima. Muuguzi aliyezoeana naye hahitaji kuambiwa kwamba mistari hiyo minne ni ya mama mmoja na mwanawe, kwa kuwa amemwona akiingia mlangoni mara zote. Ujuzi huo wa muuguzi ndio unaokosekana ndani ya mashine, na ndio ambao uoanishaji unajaribu kuujenga upya.

Swali la kwanza: mmoja au wawili?

Miongoni mwa Wanyamwezi na Wasukuma, pacha anayetangulia kuzaliwa huitwa Kulwa na anayefuata huitwa Doto, wawe wa kike au wa kiume. Mtoto anayezaliwa baada ya mapacha huitwa Shija. Majina haya yanaeleza nafasi ya mtoto katika uzazi, kwa hiyo kila nyumba iliyojaliwa mapacha inaweza kuwa na Kulwa na Doto wake. Wilaya kama Igunga ina akina Kulwa wengi, na baadhi yao wana majina ya baba yanayofanana pia, kwa sababu majina ya mababu hurudi kwa wajukuu.

Mapacha wa namna hii wanaupima mtazamo wa jedwali kwa ukali. Mama yao ni mmoja, baba mmoja, kijiji kimoja, tarehe moja, na mara nyingi uzito wao unakaribiana. Ikiwa jina limesahauliwa au limeandikwa vibaya, mistari yao miwili inafanana neno kwa neno. Katika hisabati ya seti, vitu viwili visivyotofautiana kwa lolote ni kitu kimoja, na hivyo jedwali halisi la Codd lingebaki na mtoto mmoja tu. Mwanafalsafa Mjerumani Leibniz, aliyefariki mwaka 1716, alishikilia kanuni inayokaribiana na hiyo: vitu viwili haviwezi kufanana kwa kila sifa na bado vikabaki viwili. Mwaka 1952 Max Black aliipinga kanuni hiyo kwa kuwaza ulimwengu wenye tufe mbili tu, zinazofanana kwa kila hali, ambazo bado ni mbili.

Objekti ziko upande wa Black. Programu inaweza kuunda objekti mbili zenye jina moja, tarehe moja na uzito mmoja, na kompyuta itaziona kuwa mbili kwa sababu kila moja ina mahali pake katika kumbukumbu. Mama wa mapacha hahitaji mantiki yoyote kufikia hapo. Amewabeba wote wawili, na anajua ni wawili.

Waandishi wa programu hulitatua jambo hili kwa ufunguo wa msingi, yaani namba inayotolewa kwa kila mstari ili usichanganywe na mwingine. Kuna funguo zinazotokana na sifa za mtu, na kuna namba tupu zisizoeleza chochote juu yake. Namba ya kitambulisho cha taifa inayotolewa na NIDA imechanganya njia zote mbili: ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kulwa na Doto wanaozaliwa siku moja watashiriki tarakimu hizo 8, na kitakachowatenga ni tarakimu zinazofuata. Jambo la kuzingatia ni kwamba namba inayotenganisha watu vizuri zaidi ni ile isiyosema lolote juu yao. Kwa kuitumia, kanzidata inakiri kwamba sifa zote zikishaorodheshwa, bado kuna kitu ambacho hazikukifikia, nacho ni kule kuwa mtu huyu na si yule.

Upande wa programu nao una deni lake. Programu ikiusoma mstari wa Kulwa mara mbili, inaweza kuzaa objekti mbili za mtu mmoja, daktari akabadilisha dozi katika moja huku mfamasia akisoma nyingine. Kwa sababu hiyo vyombo kama Hibernate hutunza orodha ya utambulisho, ili katika kikao kimoja cha kazi kila mstari uwe na objekti moja tu. Jedwali lina hatari ya kuwafanya wawili kuwa mmoja. Programu ina hatari ya kumfanya mmoja kuwa wawili. Uoanishaji mzuri hulinda pande zote.

Swali la pili: aina au hali?

Katika lugha za objekti, klasi inaweza kurithi kutoka klasi nyingine. Klasi ya Mgonjwa ikirithi kutoka klasi ya Mtu, kila mgonjwa anakuwa na sifa zote za mtu pamoja na zile za ugonjwa wake. Majedwali hayana urithi wa namna hiyo, kwa hiyo zipo njia tatu zinazojulikana za kuuoanisha, kama Martin Fowler alivyozipanga katika kitabu chake cha mwaka 2002. Ya kwanza ni kuweka wote katika jedwali moja na kuacha safu tupu kwa wasiohusika. Ya pili ni kuipa kila klasi jedwali lake na kuyaunganisha kwa ufunguo, hivi kwamba mgonjwa ana mstari katika jedwali la watu na mwingine katika jedwali la wagonjwa. Ya tatu ni kuipa kila klasi kamili jedwali linalojitosheleza, hata kama safu za jina na tarehe zitajirudia.

Njia zote tatu zinaficha swali moja: je, mgonjwa ni aina ya mtu? Aristotle alitofautisha asili ya kitu na yale yanayokipata. Kuwa binadamu ni asili. Kuwa mgonjwa, kama kuwa amekaa au amesimama, ni jambo linalompata binadamu na kumwondokea. Lugha nyingi za objekti hazina nafasi ya tofauti hiyo, kwa kuwa objekti ikishaumbwa katika klasi fulani haibadilishi klasi yake.

Ushahidi wa tatizo hili umo katika OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanzishwa mwaka 2004 kutokana na ushirikiano wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana na wenzake wa Eldoret nchini Kenya, ambako mfumo uliotangulia ulikuwa umeanza kutumika katika kituo cha afya cha Mosoriot mwaka 2001. Katika OpenMRS klasi ya mgonjwa inarithi klasi ya mtu, na majedwali yamefuata njia ya pili. Chukua mtu ambaye tayari amesajiliwa kama mama wa mtoto mgonjwa, au kama mtumishi wa hospitali, kisha akaugua mwenyewe. Kwa majedwali hilo ni jambo jepesi: unaongezwa mstari mmoja katika jedwali la wagonjwa, wenye namba ile ile ya mtu. Kwa Hibernate halikuwa jepesi, kwa sababu ilimtambua kama objekti ya klasi ya Mtu na haikuweza kumgeuza. Watengenezaji walilazimika kuweka katika msimbo amri inayoandika mstari huo moja kwa moja kwenye jedwali, nje ya utaratibu wa Hibernate. Muuguzi aliyeugua malaria alihitaji mlango wa nyuma ili aingie katika wodi ya kompyuta.

Historia ya Tabora inatoa mfano wa zamani zaidi. Katika karne ya 19, wakati misafara ilipopita kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, vijana wa Unyamwezi walibeba pembe za ndovu, nguo na shanga kwa malipo. Wengi walisafiri wakati wa kiangazi na kurudi kulima mvua zilipokaribia. Katika hesabu za msafara kijana huyo alikuwa mpagazi. Nyumbani alikuwa mkulima, mkwe, mjukuu wa fulani. Hata jina la Mnyamwezi lilitoka pwani, kwa watu waliowaona wakija kutoka magharibi. Kwao wenyewe walijitambua kwa himaya na maeneo yao. Mfanyabiashara aliyemhesabu kijana huyo kama mpagazi tu alikuwa na mstari sahihi katika daftari lake, lakini alikuwa amechukua kazi ya msimu na kuifanya kuwa asili ya mtu.

Kiswahili chenyewe kimelitatua jambo hili katika sarufi. Aliyetembea mbele ya msafara aliitwa kirangozi. Kwa umbo, neno hilo liko pamoja na kitu, kiti na kisu. Hata hivyo msemaji wa Kiswahili husema kirangozi amefika, wala hasemi kimefika. Umbo la neno limebaki katika ngeli moja, upatanisho umekwenda katika ngeli ya watu. Vivyo hivyo kwa kipofu, kiziwi, kijana na kiongozi. Kazi, hali na umri vinaruhusiwa kulivaa neno, ila linapofika suala la kutenda, utu ndio unaotawala sentensi.

Swali la tatu: uhusiano unakaa wapi?

Katika programu, objekti ya mama inaweza kubeba orodha ya watoto wake, na objekti ya mtoto ikabeba kiungo cha mama. Uhusiano unaonekana kuwa mali ya wahusika. Katika kanzidata mambo ni tofauti. Mtu mmoja akiwa na ndugu wengi, na kila ndugu akiwa na ndugu wengi, hakuna mstari wa mtu unaoweza kuubeba uhusiano huo. Huundwa jedwali la tatu, ambalo kila mstari wake una funguo mbili, wa huyu na wa yule. OpenMRS ina jedwali la namna hiyo, na kila uhusiano humo una majina mawili: jinsi wa kwanza alivyo kwa wa pili, na jinsi wa pili alivyo kwa wa kwanza. Mzazi upande mmoja ni mtoto upande wa pili.

Hapa jedwali linaona jambo ambalo objekti huelekea kulificha. Utani kati ya Wanyamwezi na makabila waliyokutana nayo njiani kuelekea pwani haukuwa mali ya kabila lolote peke yake. Mtani hawezi kuwa mtani kwake mwenyewe. Utani uko kati yao, una wajibu wake, hasa wakati wa msiba, na huendelea hata pale mhusika mmoja anapofariki na mwanawe kuchukua nafasi yake.

Sarufi inashuhudia hapa pia. Mnyama, hata kama jina lake halina umbo la ngeli ya watu, hupewa kimilikishi cha ngeli hiyo: tembo wangu, mbuzi wangu. Lakini mama, baba, ndugu, rafiki na jirani husemwa mama yangu, ndugu yangu, rafiki yangu, huku kitenzi kikisema amekuja. Kitenzi kinamtambua mtu. Kimilikishi kinautambua uhusiano, na lugha haikuvichanganya.

John Mbiti, mwanatheolojia na mwanafalsafa wa Kenya, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 kwamba katika fikra za Waafrika wengi mtu huwa mtu kwa sababu ya jamii yake. Kwa maelezo hayo, jedwali la uhusiano halipaswi kufikiriwa kama nyongeza inayotengenezwa baada ya majedwali ya watu kukamilika. Kituo kinachomsajili mtoto bila kumuunganisha na mama yake kimemsajili nusu.

Swali la nne: nini kinabaki?

Objekti huishi muda wote ambao kuna kitu ndani ya programu kinachoitaja. Kiungo cha mwisho kikikatika, Java na lugha zinazofanana nayo huiondoa objekti hiyo katika kumbukumbu. Mbiti alieleza jambo la karibu sana na hilo kuhusu wafu. Marehemu hubaki katika kipindi alichokiita Sasa kwa muda ambao wapo jamaa wanaomkumbuka kwa jina. Akifariki wa mwisho aliyemjua, marehemu huzama katika Zamani. Kuwapo kwake kulitegemea kutajwa.

Mstari wa jedwali haufuati sheria hiyo. Unaweza kukaa miaka mia bila kuulizwa na mtu yeyote. OpenMRS, kwa mfano, haimfuti mgonjwa aliyefariki: huandika katika mstari wake kwamba amefariki, na yote yaliyopata kuandikwa juu yake hubaki. Ni aina ya kudumu isiyo na ukumbusho. Wapo katika majedwali wengi waliosahauliwa, na wapo katika masimulizi ya Unyamwezi wengi wanaokumbukwa ambao hawakuandikwa popote, wakiwemo maelfu ya wapagazi.

Waislamu na Wakristo wa Tabora hufundishwa kwamba matendo ya binadamu yameandikwa na yatasomwa. Mafundisho hayo yana sharti ambalo kompyuta haiwezi kulitimiza: Mwenye kitabu anamjua mtu kabla ya maandishi na hahitaji ufunguo ili kumtenga Kulwa na Doto. Kanzidata ina maandishi peke yake. Kwa hiyo haina haki ya kusema neno la mwisho juu ya mtu, na mtumishi wa afya akiona kwamba mtu aliye mbele yake hapatani na mstari unaoonekana kwenye kioo, mstari ndio wa kuchunguzwa kwanza.

Hukumu

Jedwali na klasi kila kimoja kimeshika sehemu ya ukweli. Jedwali limeshika kwamba tunamjua mtu kwa yaliyoshuhudiwa na kwa uhusiano wake na wengine. Klasi imeshika kwamba nyuma ya ushahidi huo yuko mtendaji mmoja. Kosa huanza pale hali inapofanywa kuwa aina, na pale mtu anapopewa mstari kwa sababu ya kazi au ugonjwa wake tu.

Utaratibu unaofaa unafuata kutoka hapo. Watu wawe na jedwali lao, na kila mmoja apewe namba isiyotegemea jina, kijiji wala tarehe yake. Ugonjwa, kazi na wadhifa viandikwe kama hali zenye mwanzo na mwisho, zilizoshikamanishwa na mtu huyo, na klasi zijengwe kwa kufuata mpango huo badala ya kuifanya hali kuwa klasi inayorithi klasi ya mtu. Uhusiano upewe majedwali yake tangu siku ya kwanza. Kulwa wa Ziba alizaliwa mtu kabla ya kuugua, na mfumo unaomhudumia unapaswa kumwandika kwa mpangilio huo huo.